Salamu kwa Hadhira Isiyoonekana: Uhakiki wa Kaseti ya Daniel Johnston

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa Karatasi ya Tatu, hebu tuanze na swali ambalo tumelizoea mno hata halitufikirishi tena. Je, wimbo ulionaswa katika kaseti ni fasihi simulizi, au ni kitu kingine? Jibu tunalolitoa darasani aghalabu huwa la haraka. Tunasema kuwa fasihi simulizi huwasilishwa ana kwa ana, kuwa ina fanani na hadhira walio mahali pamoja, na kuwa hubadilika kila inapotendwa. Kisha tunaongeza kuwa kinasa sauti ni njia ya kuihifadhi tu. Kwa mujibu wa jibu hili, wimbo ukishaingia katika kanda umekwisha kufa, umebaki kutazamwa kama mdudu aliyetiwa katika chupa ya maabara.

Makala haya yananuia kulipima jibu hilo kwa kuhakiki kazi moja ya kigeni, nayo ni albamu ya mwanamuziki Mmarekani Daniel Johnston iitwayo Hi, How Are You. Kwa Kiswahili chetu jina hilo ni maamkuzi matupu: hujambo, u hali gani? Johnston aliirekodi albamu hiyo mwezi wa Septemba 1983 huko San Marcos, Texas. Alikuwa na umri wa miaka 22. Hakuwa na mkataba na kampuni yoyote ya muziki, hakuwa na studio wala bendi. Alikuwa na kinasa sauti cha Sanyo cha bei rahisi, kinanda kidogo kama cha kuchezea watoto, na sauti yake nyembamba yenye kutetemeka.

Huenda ukauliza: mbona twende hadi Texas ilhali nyimbo zimetujaa hapa kwetu? Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Nyimbo zetu wenyewe tumezihakiki kwa fomula moja muda mrefu kiasi kwamba hatuoni tena mahali fomula yenyewe inapopwaya. Kazi ya mgeni inatulazimisha kuzijaribu zana zetu upya. Dai letu ni hili: kinachoufanya wimbo kuwa fasihi simulizi si kukosekana kwa mashine, bali ni uhusiano unaojengwa na fanani kwa hadhira yake, pamoja na uwezekano wa wimbo huo kutendwa tena na kubadilika. Kaseti ya Johnston inathibitisha dai hili, na vilevile inaonyesha mipaka yake.

Mtunzi na Mazingira ya Utunzi

Daniel Johnston alizaliwa tarehe 22 Januari 1961 mjini Sacramento, California, akalelewa West Virginia katika familia ya Kikristo. Alianza kurekodi nyimbo zake katika chumba cha chini ya nyumba ya wazazi wake, akipiga piano na kuimba mbele ya kinasa sauti. Kanda yake ya mwanzo inayofahamika, Songs of Pain, ni ya mwaka 1981. Mwaka 1983 alihamia Texas, akakaa kwa jamaa zake. Katika majira ya joto ya mwaka huo alirekodi kanda iitwayo Yip/Jump Music katika gereji ya nduguye, na miezi michache baadaye akarekodi hii tunayoihakiki.

Baada ya hapo alifika mji wa Austin, akapata kazi katika mkahawa wa McDonald's. Huko alikuwa akiwagawia watu kaseti zake mkononi. Mwaka 1985 kituo cha televisheni cha MTV kilipiga picha wanamuziki wa Austin, na Johnston akawa miongoni mwao. Mwaka 1988 kampuni ndogo ya Homestead iliitoa Hi, How Are You katika santuri. Mwaka 1992 Kurt Cobain wa bendi ya Nirvana alionekana hadharani akiwa amevaa fulana yenye mchoro wa jalada la kaseti hii, na jina la Johnston likavuka mipaka ya Texas. Alitia saini mkataba na kampuni kubwa ya Atlantic, iliyotoa albamu moja tu mwaka 1994, iitwayo Fun, kisha wakaachana. Alifariki Septemba 2019 akiwa na umri wa miaka 58.

Hapa sharti tutahadhari. Johnston aliugua maradhi ya akili kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na filamu ya mwaka 2005 ya mwelekezi Jeff Feuerzeig, The Devil and Daniel Johnston, imeyasimulia maisha hayo kwa kina. Wengi wanaoandika juu yake huishia hapo. Wapo wanaozihurumia nyimbo kwa sababu mtunzi aliteseka, na wapo wanaoziita za kweli kwa sababu hiyo hiyo. Makundi yote mawili yamekosea kwa namna moja: yamemhakiki mgonjwa na kuuacha wimbo.

Ewe mtahiniwa, kosa hili unalifahamu. Unaulizwa uhakiki matumizi ya taswira katika shairi, nawe unaandika kurasa mbili kuhusu mahali mshairi alikozaliwa na jinsi alivyofungwa. Historia ya mtunzi ni taa ya kukumulikia njia, lakini taa si safari. Ugonjwa si mbinu ya kifasihi. Johnston mwenyewe alifanya mambo ambayo ni ya msanii anayejua analolifanya. Alichagua jina la albamu, akalipa jina la ziada linalosema kuwa ni albamu isiyokamilika, akachora jalada kwa mkono wake, na akamrejesha mhusika mmoja katika nyimbo kadhaa. Haya ndiyo yanayostahili kalamu ya mhakiki.

Kaseti na Nakala Zake

Jambo la kwanza linalotuhusu sisi wa fasihi simulizi ni namna kaseti za Johnston zilivyoenezwa. Katika filamu tuliyoitaja inasimuliwa kwamba alipoanza kugawa kanda zake hakuwa na namna ya kunakili kanda moja kwenda nyingine. Mtu akihitaji nakala, Johnston alikaa tena mbele ya kinasa sauti na kuimba albamu nzima upya, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho.

Tafadhali litafakari jambo hili. Sisi tunafundisha kuwa kaseti huua mabadiliko. Kwamba ukisikiliza kanda mara kumi utasikia jambo lile lile mara kumi. Kwa mwenye kanda moja, hilo ni kweli. Lakini kwa kanda hizi za awali, kanda ya jirani yake ilikuwa na wimbo uliotendwa siku nyingine, huenda kwa kasi nyingine na kwa pumzi nyingine. Ukiulizwa ni ipi nakala asilia, huna jibu, kama vile usivyo na jibu ukiulizwa ni bibi yupi aliyetamba ngano ya Sungura na Fisi kwa usahihi. Kila nakala ilikuwa utendaji. Isitoshe, kila utendaji ulikuwa na mlengwa wake: mtu fulani aliyeiomba kaseti, au ambaye Johnston alitaka aisikie.

Baadaye kaseti zake zilianza kunakiliwa kwa mashine na meneja wake, na santuri ya 1988 ikaufunga mlango kabisa. Tangu hapo Hi, How Are You ina sura moja inayojulikana na kila msikilizaji. Kwa hiyo katika maisha ya mtunzi mmoja, kwa muda usiozidi miaka kumi, tunaona utunzi ukitoka katika hali ya kutendwa upya kwa kila mpokeaji na kuingia katika hali ya matini iliyoganda.

Safari hii si ngeni kwa pwani yetu. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Zanzibar alisafiri hadi Bombay, India, kurekodiwa na kampuni ya HMV. Nyimbo ambazo Unguja zilikuwa zikirefushwa na kufupishwa kulingana na baraza na waliohudhuria, zilibidi zitoshee upande mmoja wa santuri. Miongo mingi baadaye, Mombasa na Lamu zilipata kaseti za taarabu zilizorekodiwa arusini, ambamo vigelegele vya hadhira vinasikika pamoja na udi. Mashine ni mashine, lakini santuri ya Bombay na kaseti ya arusini hazifanyi kazi moja. Ya kwanza iliutoa wimbo katika ukumbi wake. Ya pili iliubeba wimbo pamoja na ukumbi wenyewe. Mwalimu anayewaambia wanafunzi kuwa zote mbili ni hifadhi tu anawanyima tofauti hiyo.

Dhamira: Maamkuzi na Hodi

Tukiingia katika maudhui, dhamira kuu ya albamu hii ni upweke, na hamu ya mpweke ya kupokelewa na wenzake. Johnston anaijenga dhamira hiyo kwa vitendo viwili ambavyo Mswahili anavifahamu kuliko mtu mwingine yeyote, yaani kuamkua na kubisha hodi.

Jina la albamu ni salamu. Katika jalada, salamu hiyo inatolewa na kiumbe kama chura ambaye macho yake yamechomoza juu ya vikonyo viwili. Jina lake ni Jeremiah. Msikilizaji anaamkuliwa kabla hajaweka kanda mashineni. Kwetu sisi, salamu ni deni. Ukisalimiwa sharti uitikie. Mtunzi asiyejulikana na yeyote anaanza kwa kumtia msikilizaji deni hilo. Huu ni mwanzo wa kifanani kabisa. Mtambaji wa ngano husema paukwa na kungoja pakawa, na mtega kitendawili hawezi kuendelea asipoitikiwa tega. Johnston naye ametoa fomula yake ya kufungulia, isipokuwa anaitoa mbele ya kuta nne.

Hodi inapatikana katika wimbo uitwao "Despair Came Knocking", jina ambalo kwa Kiswahili tungelifasiri kuwa Kukata Tamaa Kumebisha Hodi. Mbinu hapa ni tashihisi. Hali ya moyo inapewa mkono wa kugonga mlango, na nafsineni anaifungulia na kuiruhusu iingie kwa muda. Zingatia utulivu wa tukio hili. Hakuna kilio wala mapambano, mgeni anapokelewa jinsi wageni wanavyopokelewa. Wimbo ungekuwa dhaifu zaidi lau nafsineni angepiga mayowe. Unatisha kwa sababu ya adabu yake. Msomaji wa Kiswahili atakumbuka methali isemayo mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, naye atajiuliza kama mwenye nyumba huyu anao uwezo wa kumpa mgeni wake jembe. Wimbo haujibu.

Ukiyaweka maamkuzi na hodi pamoja, utaona kinaya kinachoishikilia albamu nzima. Anayeamkua ulimwengu kwa uchangamfu ndiye ambaye mlango wake unagongwa na kukata tamaa. Salamu inatoka nje, na inayoingia ni huzuni.

Fani

Taswira. Wimbo unaojulikana zaidi katika kaseti hii ni "Walking the Cow", yaani kumtembeza ng'ombe. Chimbuko la taswira hiyo ni nembo ya kampuni ya aiskrimu ya Texas iitwayo Blue Bell, ambayo ina mchoro wa msichana anayemwongoza ng'ombe. Hapa mtahiniwa wa Kenya yumo hatarini. Kwa mtoto wa Narok au Nandi, kumpeleka ng'ombe malishoni au mtoni ni kazi ya kila siku yenye sababu na mwisho unaojulikana. Katika wimbo wa Johnston, ng'ombe ametolewa katika nembo. Hana boma analotoka wala mto anaouendea. Nafsineni anajaribu kukumbuka na kufikia jambo ambalo linamponyoka, naye hana hakika amefikaje hapo alipo. Kutembeza ng'ombe kunakuwa jazanda ya kuendelea na wajibu ambao maana yake imepotea. Ni taswira ya kuchekesha, na kicheko chenyewe ndicho kinachoubeba uzito. Kama Johnston angeimba moja kwa moja kwamba maisha hayana mwelekeo, tungeafiki na kusahau. Badala yake ametuachia kamba mkononi na ng'ombe nyuma yetu.

Mhusika anayejirudia. Katika nyimbo zipatazo tatu tunakutana na Joe, ambaye katika michoro ya Johnston ni bondia. Katika "Keep Punching Joe" anahimizwa asiache kurusha ngumi. Katika "Hey Joe" anafarijiwa. Wimbo huu wa pili una mwingilianomatini wa wazi na "Hey Jude", wimbo wa Beatles wa mwaka 1968. Johnston aliwapenda Beatles mno, na msikilizaji yeyote wa muziki wa Kimarekani au wa Kiingereza atautambua mwangwi huo kuanzia jina lenyewe. Lakini angalia mabadiliko ya mazingira. Beatles walimfariji mlengwa wao kwa kwaya kubwa na ala nyingi. Johnston anamfariji bondia wake kwa kinanda kidogo chenye pumzi fupi, akiwa peke yake. Hivyo faraja ile ile inasikika kama ya mtu anayejifariji mwenyewe kwa jina la mwingine. Hii ni mbinu kongwe ya nyimbo simulizi: mwimbaji humwimbia fulani ili ajiimbie.

Kejeli. Wimbo mfupi uitwao "Big Business Monkey" unamsawiri mkubwa wa biashara kama nyani. Hapa Johnston anatumia silaha ya mnyonge, nayo ni kumpunguza mkubwa kuwa mnyama. Mwanafunzi aliyesoma hurafa haitampa taabu mbinu hii.

Ala na sauti. Hapa ndipo wengi watakapokwama. Mvumo wa kanda unasikika chini ya nyimbo. Kinanda kinahema. Sauti inapanda isipofika na kushuka kabla ya wakati. Mapigo yanaharakishwa pale mwimbaji anapohamaki. Kuna mahali anaimba juu ya muziki wa jazi uliokwisha kurekodiwa na wengine. Je, haya ni makosa?

Jibu letu ni kwamba mhakiki hana ruhusa ya kuyaita makosa wala kuyaita uzuri kabla ya kuonyesha yanafanya kazi gani katika wimbo husika. Katika "Despair Came Knocking" uchovu wa sauti unakwenda sambamba na adabu ya mwenye nyumba asiye na nguvu za kumkataa mgeni. Kuhema kwa kinanda katika "Walking the Cow" ni mwendo wenyewe wa kutembea. Lakini katika baadhi ya nyimbo nyingine uchakavu hauongezi kitu. Unaficha maneno tu. Ubora wa mashine si ubora wa sanaa, na ubovu wa mashine pia si ubora wa sanaa. Anayesema kuwa kaseti ni nzuri kwa sababu ina kelele amefanya kosa la yule asemaye kuwa ni mbaya kwa sababu ina kelele.

Je, Ni Fasihi Simulizi?

Turudi sasa katika swali letu la awali. Mpinzani wa dai letu ana hoja yenye nguvu, nayo ni hii: Johnston anauliza hali, lakini hawezi kusikia jibu. Hakuna anayeitikia chumbani. Fanani wa kweli huirekebisha sauti yake kwa kuitazama hadhira. Akiona wanasinzia hufupisha, akiona wanacheka hurudia. Kinasa sauti hakisinzii wala hakicheki. Kwa hiyo, anasema mpinzani, hii ni barua iliyotiwa sauti, na barua ni andishi.

Mwanazuoni Walter Ong, katika kitabu chake cha mwaka 1982 kuhusu usimulizi na maandishi, aliiweka simu, redio na televisheni katika usimulizi wa daraja la pili, yaani usimulizi unaozaliwa ndani ya utamaduni ambao tayari unaandika. Hoja hiyo inatusaidia kiasi. Inatukumbusha kuwa sauti ya mashine ina sifa za simulizi ingawa haitoki katika ulimwengu usio na maandishi. Hata hivyo, redio huzungumza na umma usio na majina. Kaseti iliyotiwa mkononi mwa mtu mmoja ni kitu kingine. Ina mtoaji anayeonekana na mpokeaji anayejulikana, na mkono mmoja unaugusa mwingine. Hadhira haikuwapo wakati wa kuimba, lakini ilikuwapo wakati wa kutoa. Ukumbi wa Johnston uligawanyika sehemu mbili, chumba cha kurekodia na barabara ya Austin.

Na jibu la salamu, je? Lilikuja, ila lilichelewa. Wanamuziki wengine walianza kuziimba nyimbo zake. Mwaka 1994 mwimbaji wa Austin, Kathy McCarty, alitoa albamu nzima ya nyimbo za Johnston, Dead Dog's Eyeball. Mwaka 2004 ilitoka albamu nyingine ambamo Tom Waits, Beck, Flaming Lips na wengineo waliziimba kila mmoja kwa namna yake. Santuri ya 1988 ilikuwa imeziganda nyimbo. Midomo ya watu ikaziyeyusha tena. Huku ni kuenea kwa njia ya utendaji, na katika kila utendaji wimbo umebadilika kasi, ala na toni. Tukikubali kuwa wimbo wa jando ni simulizi kwa sababu kila kizazi huuimba upya, tutakuwa na kazi ngumu kuwanyima wa Johnston jina hilo kwa sababu tu ulianzia katika kanda.

Hata hivyo, tusipindukie. Nyimbo hizi zina mtunzi mmoja anayejulikana na mwenye haki miliki, ambapo nyimbo nyingi za jadi ni mali ya jamii. Hazina mwiko, msimu wala tukio la kijamii linalozidai. Hitimisho la haki, basi, ni kwamba usimulizi na uandishi si masanduku mawili ya kutupia kazi. Ni hali ambazo kazi moja inaweza kupitia kwa nyakati tofauti. Kaseti iliyoimbwa upya kwa kila mwombaji ilikuwa karibu sana na usimulizi, santuri ya 1988 ikasogea upande wa matini, na kuimbwa upya na wengine kukairejesha.

Udhaifu wa Kazi

Haitakuwa haki kuimwagia sifa tupu. Albamu hii ina nyimbo ambazo ni utani wa dakika moja, na ukizisikiliza mara ya pili hazina jipya. Katika baadhi ya nyimbo za mapenzi, nafsineni anazama katika kujihurumia hadi mwanamke anayezungumziwa anakosa uso. Tunajua jinsi anavyokosekana, hatujui yeye ni nani. Aidha, kuita albamu kuwa haijakamilika ni kinga inayoweza kumsaidia msanii kukwepa lawama. Mhakiki asiikubali kinga hiyo bila kuuliza. Pamoja na hayo, nyimbo mbili au tatu za kaseti hii zinatosha kuiweka katika kumbukumbu, na si kwa sababu ya umaskini wa vifaa vyake.

Somo kwa Darasa la Kiswahili

Kuna kijana katika darasa lako, mwalimu, ambaye anaimba katika simu yake akiwa amejifunika blanketi ili kelele za bweni au za jirani zisiingie. Hana studio. Anawatumia rafiki zake wawili watatu. Siku atakapokuletea wimbo huo, utampima kwa kipimo gani? Ukimwambia arudi akipata vifaa bora, utakuwa umepima mashine. Ukimsifu kwa kuwa amejitahidi tu, utakuwa umemhurumia. Muulize mambo ambayo tumeiuliza kaseti ya Johnston: Unamwimbia nani? Salamu yako iko wapi? Taswira hii umeitoa wapi, na hapa inafanya kazi gani? Kwa nini sauti inakatika mahali hapa na si pale?

Aidha, unapowatuma wanafunzi wakakusanye nyimbo nyanjani, usiridhike na rekodi moja. Wamwombe fanani yule yule aimbe wimbo ule ule siku mbili tofauti, ikiwezekana mbele ya watu tofauti. Wanukuu zote mbili, waandike tarehe, mahali na waliokuwapo, kisha waorodheshe yaliyobadilika. Wasitafute ipi ni sahihi. Zoezi hilo litawafundisha maana ya utendaji kuliko fasili kumi ubaoni.

Nawe mtahiniwa, ukiulizwa mtihanini utofautishe fasihi simulizi na fasihi andishi, zitoe tofauti zinazokubalika bila kusita, kwani ni za kweli kwa kazi nyingi. Lakini ukipata swali linalodai mjadala, usiishie katika orodha. Linganisha majibu haya mawili. La kwanza: "Wimbo uliorekodiwa si fasihi simulizi kwa sababu umehifadhiwa." La pili: "Wimbo uliorekodiwa hupoteza hadhira ya ana kwa ana, lakini unaweza kubaki na sifa nyingine za usimulizi, kama vile fomula ya kumwita msikilizaji, na unaweza kuhuishwa unapoimbwa upya." La pili limetaja kinachopotea, kinachobaki na sharti la kubaki kwake. Hivyo ndivyo hoja inavyojengwa.

Hitimisho

Mwaka 1993 Johnston alimchora Jeremiah, chura wake, ukutani mwa duka moja la muziki mjini Austin pamoja na maneno ya salamu yake. Tangu mwaka 2018, tarehe 22 Januari, siku aliyozaliwa, imeadhimishwa mjini humo kama siku ya kuulizana hali kwa dhati, hasa hali ya akili na moyo. Jina la kaseti iliyorekodiwa na kijana asiyejulikana limekuwa desturi ya umma. Kama tulivyoona, huko kwenda kutoka kinywa cha mmoja hadi vinywa vya wengi ndiko tunakokuita uenezaji tunapofundisha fasihi simulizi. Tukiwa walimu wa lugha ambayo haianzi mazungumzo bila kujuliana hali, tunapaswa kuwa wepesi wa kuitambua salamu, hata ikitufikia kwa sauti ya kukwaruza.

Maswali ya Kujipima

1. "Kinasa sauti huua fasihi simulizi." Jadili ukirejelea nyimbo mbili za jamii yako na hoja za makala haya. (alama 20)

2. Eleza tofauti kati ya kumhakiki mtunzi na kuhakiki utunzi. Toa mifano kutoka shairi lolote ulilosoma. (alama 10)

3. Fafanua jinsi salamu na hodi zinavyoweza kutumiwa kama fomula ya kufungulia katika wimbo au ngano. (alama 6)

4. Rekodi wimbo mmoja kutoka kwa fanani mmoja katika siku mbili tofauti. Bainisha mabadiliko manne na uyaeleze kwa kuzingatia hadhira. (alama 8)